Njumu Zilizoshika Masizi

Katika jiko la dada yangu, juu kidogo ya mafiga, kuna msumari. Zamani msumari ule ulikuwa na kazi moja tu, kushikilia kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Machi 2020 ukapata mzigo wa pili: njumu za mpwa wangu, jozi ya rangi ya chungwa aliyoachiwa na msichana mmoja aliyepata nafasi ya kwenda kukimbia na kusoma Marekani. Alizitundika pale siku aliyorudi kutoka shule ya bweni, akisema ni kwa wiki mbili tu. Moshi ukafanya kazi yake. Rangi ya chungwa ikawa kahawia, kahawia ikawa nyeusi, hata ukizigusa kidole kinatoka na masizi.

Nilipowatembelea mwezi wa Agosti nilimuuliza mbona amezitelekeza. Alinijibu kwamba njumu ni za uwanjani, na viwanja vimefungwa. Jibu lilikuwa sahihi kabisa, na kwa sababu lilikuwa sahihi halikunishtua.

Alikuwa kidato cha nne, na Novemba ya mwaka ule angetimiza miaka 19. Mbio zake ni mita 1,500. Kwa watu wa kijiji chao, kilicho kwenye barabara ya kutoka Iten kwenda Kapsowar, jina lake la ubatizo lilikuwa limeshasahaulika. Aliitwa “yule wa mbio”. Watoto wengi wenye kipaji huishi hivyo. Jina hilo ni tamu linapotajwa, lakini siku mbio zikiondolewa hubaki “yule” peke yake.

Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa corona Ijumaa, tarehe 13 Machi 2020. Jumapili Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule zifungwe, na wanafunzi wa bweni wakapewa hadi Jumatano wawe wamefika makwao. Watahiniwa, pamoja na wale wa gredi ya nne, walirudi darasani Oktoba 12. Waliobaki wakasubiri hadi Januari 4, 2021. Ng’ambo ya Busia mambo yalikuwa mazito zaidi: Uganda haikuzifungua shule zake kikamilifu hadi Januari 2022, karibu miaka miwili tangu zifungwe. Tanzania ilikuwa imezirudisha zake mwishoni mwa Juni 2020. Ina maana kijana wa miaka 15 mwenye miguu myepesi alipewa janga la miezi mitatu, tisa au ishirini na ushei, kutegemea mama yake alijifungulia upande gani wa mpaka.

Kwa mtu mzima mwaka ni mwaka. Kwa mwanariadha wa umri ule ni kitu kingine, na hapa naomba nikawie kidogo, maana ndipo tulipokosa kuwaelewa.

Julai 2020 uwanja wa Kasarani ulikuwa uwapokee vijana wa dunia nzima katika mashindano ya riadha ya wasiozidi miaka 20. Yakaahirishwa, yakafanyika Agosti 2021. Olimpiki ya Tokyo nayo ilisogezwa mwaka mzima, na waliojiandaa waliumia, lakini Tokyo iliwangoja. Mtu wa miaka 27 aliingia uwanjani akiwa na miaka 28, basi. Mashindano ya vijana hayamngoji mtu. Kanuni yake ni ya kalenda: kufikia tarehe 31 Desemba ya mwaka wa mashindano, uwe bado hujatimiza miaka 20. Mashindano yangekuwa 2020, aliyezaliwa 2001 alikuwa ndani. Yalipohamia 2021, akawa nje. Fikiria wasichana wawili waliozaliwa wodi moja, mmoja usiku wa mkesha wa mwaka mpya wa 2002, mwenzake alfajiri baada ya kengele za kanisa. Wa alfajiri alipewa mwaka mzima wa kujinoa zaidi. Wa mkesha alifungiwa mlango bila hata mtu kumwambia kwamba umefungwa.

Mpwa wangu ni wa Novemba 2001.

Huenda asingefuzu. Katika mashindano yale kila nchi hukimbiza vijana wawili tu kwa kila mbio, na Bonde la Ufa lina wasichana wa mita 1,500 kama lilivyo na mahindi. Kocha wake alikuwa akisema “labda”, na makocha husema labda kwa wengi. Lakini anayekwenda kwenye mchujo akatoka wa saba hurudi nyumbani na kilio chake kamili. Analia, anakula, analala, na mwezi unaofuata anaamua kama ataendelea au ataomba chuo cha ualimu. Mpwa wangu hakushindwa na mtu. Hakupewa siku ya kulia, na nyumbani hakuna aliyejua kwamba kuna msiba.

Kuanzia Mei alianza kulalamika miguu. “Mjomba, miguu mizito,” aliniambia kwenye simu. Baadaye kikaja kichwa, kikaja kifua kinachobana, kikaja usingizi unaokatika saa nane usiku na kutorudi tena. Ugali wake ulikuwa ukirudi jikoni nusu. Dada alimpeleka zahanati: malaria hakuna, damu iko sawa. Akapewa vidonge vya kuongeza damu hata hivyo, na wote wakarudi nyumbani wakiwa wameridhika kwamba wametibiwa. Kocha alipopata habari alimpigia akamshauri apande vilima zaidi, miguu itafunguka. Mimi nilimtumia pesa za matunda. Kila mmoja wetu alisikia kile alichozoea kusikia.

Kiswahili hakijapungukiwa maneno. Tuna sonona, tuna unyogovu, tuna wahaka, tuna msongo wa mawazo. Ni maneno mazuri, ya kwenye semina na vipeperushi. Sijawahi kumsikia kijana wa miaka 17 akipandisha mteremko wa Tambach akasema ana sonona. Husema mwili hautaki. Na kwa mwanariadha mwili ndicho kitu pekee anachoruhusiwa kulalamikia, kwa kuwa ndicho kitu pekee tunachomuuliza habari zake. Muuza mboga akisema moyo wake mzito, tunavuta kiti. Mwanariadha akisema miguu yake mizito, tunatoa saa ya kupimia.

Halafu kuna lile neno letu, jikaze. Silidharau. Ukiwa umesimama ukingoni mwa uwanja, kengele ya mzunguko wa mwisho imelia, mtoto wako yuko wa nne na mdomo umekauka, hakuna neno lingine la kumpigia kelele. Pale linafaa kwa sababu maumivu yale yana kipimo. Zimebaki mita 300, utepe unauona, baada ya dakika moja utakuwa umelala kwenye nyasi unacheka. Ufundi wote wa mbio za masafa ya kati ni kugawa nguvu: kujua utumie kiasi gani sasa ili ubakiwe na kiasi gani baadaye. Sasa mpe mtoto huyo mbio ambazo hajaambiwa ni za mita ngapi. Kila hotuba ya Rais, kafyu inaongezwa. Shule zitafunguliwa Juni, hapana, Septemba, kisha mwezi Julai Waziri wa Elimu George Magoha akatangaza kwamba mwaka wa masomo umepotea na wanafunzi wataurudia. Unagawaje nguvu hapo? Unakimbia kwa kasi gani? Mtu aliyefunzwa tangu darasa la sita kuhesabu mizunguko akapewa uwanja usio na mwisho, kisha sisi tukasimama pembeni tukimwambia ajikaze.

Wenye kuijua Iten wataelewa jambo jingine. Mji ule umekaa kwenye ukingo wa Bonde la Kerio, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukilipita lango lake lililoandikwa kwamba ni nyumba ya mabingwa unakutana na watu wakikimbia kabla hujakutana na duka. Kila Alhamisi asubuhi mamia hukusanyika kwa fatleki: kasi, taratibu, kasi, taratibu, kwenye barabara ya udongo mwekundu, vumbi mpaka kwenye kope. Mbele wako wenye majina. Nyuma kabisa wako wanafunzi wa likizo na wageni, wote wakijua wataachwa. Kijana hujipima hapo. Wiki hii nimeachwa kwenye kona ya pili, wiki ijayo nifike ya tatu. Hakuna anayempa moyo kwa maneno. Migongo iliyo mbele yake inatosha.

Corona ikafunga kambi na kupiga marufuku makundi. (Uwanja wa Kamariny, ulio jirani na mji huo, ulikuwa umefungwa tangu zamani kwa ukarabati usiokwisha, hilo tusiisingizie corona.) Barabara zilibaki wazi, ni kweli, na wapo watakaosema kwamba watoto wa Bonde la Ufa hawakuwa na sababu ya kulalamika. Ukilinganisha, hawakosei sana. Muogeleaji wa Mombasa au Nairobi alifungiwa bwawa, na huwezi kuogelea sebuleni. Kijana wa soka wa Mathare aliyekulia kwenye ligi za mtaani aliamka akakuta uwanja mtupu na nyumba ya chumba kimoja yenye watu saba. Mkimbiaji alikuwa na kilomita zake za bure na hewa safi. Na kukimbia kwenyewe ni dawa. Wapo waliosalimika kwa sababu tu waliendelea kutoka kila alfajiri.

Lakini nimeliona daftari la mpwa wangu. Ni daftari la kawaida la kurasa 48, lenye jedwali la hesabu nyuma. Amelichora safu nne kwa rula: tarehe, kilomita, muda, na ya mwisho ameiandika “na nani”. Hadi katikati ya Machi safu ile imejaa majina, mengine ya utani, mengine yamefupishwa. Kuanzia wiki ya mwisho ya mwezi kuna neno moja. Mimi. Mimi. Mimi. Mimi. Aprili nzima ni mimi, na muda unazidi kupanda ingawa kilomita ni zilezile. Tarehe 9 Mei ameandika tarehe peke yake, bila kilomita. Kurasa zinazofuata zimechorwa safu, hazina kitu.

Shule ya bweni, kwa msichana kama yeye, haikuwa darasa tu. Ilikuwa maharagwe yenye saa maalumu, kitanda chake peke yake, karo iliyopunguzwa kwa sababu ya miguu yake, na mwalimu wa michezo aliyekuwa mtu mzima pekee wa kumuuliza ameamkaje. Nyumbani alikuwa binti mkubwa. Binti mkubwa hukama, huteka maji, husenya kuni, huwaogesha wadogo, na akisema anakwenda kukimbia saa kumi jioni mtu atamuuliza anamkimbia nani. Wavulana wa rika lake waliingia kwenye bodaboda na vibarua vya mashamba, na pesa ya kwanza mfukoni ina sauti kubwa kuliko kengele ya shule. Kwa wasichana kulikuwa na hatari nyingine. Watafiti waliowafuatilia wanafunzi wa sekondari katika kaunti ya Siaya waligundua kwamba wasichana waliofungiwa shule wakati wa corona walikuwa na uwezekano mara mbili wa kupata mimba kabla ya kumaliza masomo, wakilinganishwa na waliowatangulia. Siaya si nchi ya mbio, lakini hesabu ile ina ndani yake wachezaji wa netiboli, wa voliboli, na wakimbiaji ambao hakuna kocha aliyewahi kuwaandika.

Takwimu za wanamichezo wenyewe zipo, ingawa kwa sehemu kubwa ni za mbali. Mei 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, waliwahoji wanamichezo wa sekondari zaidi ya 13,000, na dalili za wasiwasi zilionekana zaidi kwa wasichana kuliko kwa wavulana. Shirika la Afya Duniani lilisema Machi 2022 kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25. Nilimsomea dada yangu habari hiyo kwenye simu. Akaniuliza: “Hao asilimia 25, walikula nini wakapona?”

Julai 2020, mwezi uleule ambao Kasarani ilipaswa kujaa vijana na vuvuzela, jopo lililoongozwa na daktari wa akili Frank Njenga lilitoa ripoti yake kuhusu afya ya akili nchini Kenya, likapendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la dharura la kitaifa. Ripoti iliandikwa vizuri. Kati ya ripoti na kijiji, hata hivyo, kuna safari. Katika shule nyingi mwalimu wa ushauri nasaha ndiye huyohuyo mwalimu wa kemia, ofisi yake ni ya kupita, na mwanafunzi akionekana akiingia humo darasa zima linajua kabla ya chai ya saa nne. Mwaka uliofuata dunia ilijadili kwa majuma mawili habari za mchezaji wa jimnastiki Simone Biles kujitoa kwenye mashindano kule Tokyo. Vizuri. Yeye alikuwa na miaka 24, medali za kumlinda na kipaza sauti mbele yake. Wetu alikuwa na dirisha la jikoni.

Wapo ambao kuchelewa kule kwa mashindano ya vijana kuliwabeba, na si haki kuwaficha. Emmanuel Wanyonyi, aliyewahi kuacha shule akachunga ng’ombe wa watu, angekuwa hajatimiza hata miaka 16 kama mashindano yangefanyika Julai 2020. Agosti 2021, akiwa na miaka 17, alishinda mita 800 pale Kasarani kwa dakika 1:43.76, rekodi ya mashindano hayo. Miaka mitatu baadaye akawa bingwa wa Olimpiki mjini Paris. Kenya iliongoza jedwali la medali za vijana mwaka ule kwa dhahabu nane, ingawa baadhi ya mataifa makubwa, Marekani ikiwemo, hayakuleta timu. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Ila kila mlango uliosogezwa ili mmoja apite ulimfungia mwingine, na huyo mwingine hapigwi picha.

Mpwa wangu alirudi shule Oktoba akiwa na barakoa mbili na bila njumu. Michezo ilikuwa imezuiwa. Kilichorudi ni masomo, mbio za silabasi, muhula juu ya muhula kama magunia. Alifanya mtihani wake wa mwisho mwaka 2021 ukiwa umeshaanza. Kama angekuwa mdogo kidogo bado angekuwa na safari ndefu ya kungoja: michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki iliyofanyika Arusha mwaka 2019 haikurudi hadi Septemba 2022, Arusha tena. Aliyeingia kidato cha kwanza akiota jezi ya taifa katikati ya Arusha ya kwanza na ya pili aliota hadi akaota ndevu.

Kilichomnyanyua hakikutoka ofisini. Nyanya yake, ambaye sote tunamwita Kogo, alikuwa akienda kila asubuhi kupeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia, kilomita tatu kwenda na tatu kurudi. Baada ya mtihani akaanza kumdai mjukuu amsindikize, kwa kisingizio kwamba goti linamsumbua. Goti lile halijawahi kumsumbua kabla wala baada. Walitembea taratibu, wakisimama kwa kila jirani. Kogo hakumuuliza habari za mbio. Alimsimulia jinsi yeye mwenyewe alivyokatazwa shule akiwa msichana, akikumbuka mpaka rangi ya mlango wa darasa, na kwamba alilia mwaka mzima akiwa ng’ombeni, kwa kuwa ng’ombe hawasemi. Siku ya nne au ya tano ya safari zile ndipo msichana alipolia barabarani, na mtungi wa maziwa ukawekwa chini hadi alipomaliza. Maziwa yalichelewa, yakakataliwa kituoni, na Kogo akayarudisha nyumbani kuyafanya mursik.

Jioni ile daftari liliandikwa tena, mara ya kwanza tangu Mei ya mwaka uliotangulia. Kilomita: 6. Muda: saa 2, dakika 40. Na nani: Kogo.

Agosti tulikaa kwa jirani mwenye televisheni kutazama fainali ya wasichana ya mita 1,500 kutoka Kasarani. Purity Chepkirui aliposhinda, nyumba nzima iliruka. Mpwa wangu alipiga makofi, akasema “amekimbia vizuri”, kwa sauti ya mtu anayejua vizuri ni nini. Kisha akainuka kwenda kukama, na nilimwona kupitia mlangoni akisimama kidogo kando ya boma, ameshika ndoo, akitazama upande wa bonde. Nikaketi. Mambo mengine hayahitaji mjomba.

Sasa anasomea ualimu, na anakimbia akipenda. Njumu aliziteremsha mwaka 2022, akazisugua kwa mswaki mkuukuu na sabuni ya kufulia hadi rangi ya chungwa ikachungulia kwenye mishono, akampa mdogo wake aliyechaguliwa timu ya shule. Mdogo alirudi siku ya kwanza akiwa na malalamiko mawili: zinambana kwenye dole gumba, na kila akiongeza kasi zinatoa harufu ya moshi.